Kichwa cha Tisa

Azumino, Nagano
20 Mei 2002

Kwa Nahodha Maezato Koei,

Huku milimani theluji imebaki kwenye vilele tu, na maua ya matufaha yamekwisha kupukutika. Nadhani huko kwenu Iriomote mvua zimeshaanza. Unisamehe kwa kukaa kimya muda mrefu.

Tarehe tisa Juni utatimia mwaka tangu mwanangu Shiori apotee baharini akiongoza wageni wa boti yako. Kaburi lake liko tayari pembeni ya la baba yake, lakini ndani hamna kitu. Kasisi wa hekalu letu anasema tunaweza kuweka chochote kilichomgusa. Nguo zake bado siwezi kuziachia. Nimefikiri maji. Naomba unijazie chupa moja kutoka mahali pale uliponipeleka nikarusha maua.

Ombi la pili ni gumu zaidi. Niandikie tena habari za siku ile. Ulinieleza mwaka jana, lakini masikio yangu yalikuwa yameziba. Alikula nini asubuhi? Alisema nini mwisho? Usiogope kuniumiza. Afadhali kuumia kwa kitu ninachokijua.

Nakutumia matufaha makavu, ya shamba letu.

Karasawa Fumie


Iriomote
2 Juni 2002

Kwa Mama Karasawa,

Matufaha yamefika, nashukuru. Mke wangu Toyo ameyaweka kwenye madhabahu ya wazee wetu kwanza, kisha tukala. Chupa ya maji iko kwenye kifurushi hiki. Nimeifunga kwa nta.

Asubuhi ile Shiori alikula wali na supu ya mwani, amesimama mlangoni pa jiko letu kama kawaida yake. Toyo alimwambia, "Kaa chini, chakula hakikimbii." Akajibu, "Wageni ndio wanaokimbia, Mama Toyo."

Walikuwa wageni saba, na yeye wa nane. Saa nne asubuhi waliingia majini kuwatazama samaki taa wakubwa, wale wenye mabawa, ambao hupita kwenye mkondo kati ya kisiwa chetu na Kohama. Mimi hubaki botini nikihesabu vichwa. Saa tano kasoro dakika kumi nilihesabu vichwa vinane. Nikageuka kuandaa nanga na ngazi. Saa tano walipanda watu saba.

Maji yalikuwa yanapwa, yanatoka kwenda bahari kuu. Ndiyo maana walinzi wa pwani walimtafuta huko nje siku tisa. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Leo wako wengi, Mzee." Alikuwa akiwasema wale samaki.

Hakuna lingine.

Maezato Koei


Iriomote
25 Juni 2002

Dada Fumie,

Nimeitoa anwani yako kwenye boksi la matufaha. Mume wangu hajui kama nakuandikia, na nakuomba asijue. Mimi ni mwanamke wa maneno mengi lakini shule niliishia njiani, kwa hiyo nivumilie.

Huyu bwana haumwi, ila anahesabu. Tukikaa kula anahesabu. Mwezi uliopita tulikuwa kwenye harusi ya mpwa wangu, watu wanacheza, yeye kasimama ukutani midomo inamchezacheza: mmoja, wawili, watatu. Gensei, mvuvi jirani yetu, akamtania, "Koei, hawa si mbuzi wako. Hatutoroki." Watu wote wakacheka. Yeye akaanza upya kwa sababu Gensei alimkatiza.

Nikafikiri ni uzee. Lakini tarehe kumi na nne msaidizi wake aliugua, nikaenda mimi kushika kamba. Mkondo ulikuwa umetulia, jua kali, maji yanameta. Wageni wanane wakaingia. Nikahesabu, kwa kujifurahisha tu, nikapata tisa. Nikahesabu tena kwa kidole. Tisa. Hicho cha tisa kilikuwa nyuma ya wenzake, cheusi, kimetulia, kinaelekea boti. Hakikuwa na mrija wa kupumulia. Kila wageni waliposogea, nacho kinasogea nyuma yao, kama vile Shiori alivyokuwa akiwachunga.

Nikasema, "Baba, wako tisa."

Akasema, "Najua. Usihesabu tena."

Wakapanda wanane. Nyuma yao maji matupu.

Dada yangu, kwetu huku tunaamini mtu akipotea majini roho yake hukwama palepale, haiendi mbele wala hairudi, mpaka mtu wa damu yake aje kuiita kwa jina. Mimi si damu yake. Nilimwita siku ile kimoyomoyo, hakugeuka. Njoo wewe umwite.

Toyo


Azumino
4 Julai 2002

Bi Toyo,

Barua yako nimeisoma nimesimama shambani, na nilipomaliza sikukumbuka nilikuwa nafanya nini pale.

Naomba unijibu haya tu. Je, kilikuwa na nywele? Shiori alikata zake fupi mwezi wa Aprili, alinitumia picha. Je, kilikuwa na miwani ya kuzamia? Yake ilikuwa ya manjano. Je, kiligeuka kikakutazama wewe?

Nitakuja katika siku za Obon, marehemu wanaporudi makwao. Mwaka jana niliwasha taa mlangoni siku tatu na hakuna aliyekuja, na sasa nadhani najua sababu.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu yeyote. Nikifika huenda nikakwambia.

Karasawa Fumie


Iriomote
20 Julai 2002

Mama Karasawa,

Barua yako kwa Toyo ilifika yeye akiwa sokoni. Mpeleka barua alinipa mimi. Nilipoona jina lako sikuweza kungoja, nikaifungua, nayo haikuwa yangu. Jioni Toyo akanieleza yote. Hatukugombana.

Nakuomba usije kumwita. Ile si Shiori. Ni nguva, yule mnyama wa baharini anayekula majani.

Miaka arobaini nimekuwa baharini na sikuwahi kumwona nguva. Bibi yangu aliwaona utotoni mwake, kabla hawajaliwa wote. Nilijua wamekwisha. Kwa hiyo kichwa kile cheusi kilipoanza kutokeza Aprili, sikuwaza mnyama. Niliwaza alichowaza Toyo. Kila nilipohesabu mmoja zaidi, niliona ni mwanao amekuja kunidai. Nilipokuandikia mwezi Juni nilikuwa nimeshakiona mara nne, nikakuandikia kwamba hakuna lingine.

Sasa nakueleza yaliyotokea tarehe kumi na moja mwezi huu. Wageni wanane majini. Nikahesabu nane. Mama, sijui kama utanielewa, lakini nilifurahi. Nikajiambia, leo ameniachia. Nikaweka mkono kwenye ufunguo wa mashine niwasogelee. Ndipo kimoja cha vile vichwa kikatoa pumzi. Puuf. Mtu mwenye mrija hapumui hivyo. Nikaona pua mbili pana zikijifunga, mgongo wa kijivu ukapinda taratibu, ukazama. Ule mgongo ulikuwa mrefu kuliko mtu.

Vikabaki vichwa saba.

Nilipiga kelele nikaruka na nguo zangu. Mgeni wa nane, mwalimu mstaafu kutoka Sendai, alikuwa upande wa pili wa boti, chini ya ubavu ambako mimi sioni, uso majini, mrija umejaa maji. Tulimtapisha. Yuko hai. Alipoweza kusema alisema, "Nahodha, samahani kwa usumbufu," nami nikakaa chini kwenye mbao nikalia mbele ya wageni.

Sikumlilia yeye, Mama. Nilikuwa nimeelewa.

Mwaka jana nilihesabu nane, na nane ilikuwa hesabu sahihi. Nilihesabu vichwa bila kutazama nyuso. Niliwaambia walinzi wa pwani, "Saa tano kasoro kumi alikuwepo," na niliapa. Kwa neno langu wakachora ramani, kwa ramani ile wakapeleka meli na helikopta nje, maana saa hizo maji yalikuwa yanapwa. Lakini kama cha nane kilikuwa nguva, basi Shiori hakuwepo. Huenda aliondoka tangu mwanzo. Na mpaka saa nne na nusu maji yalikuwa bado yanajaa. Yalikuwa yanaingia ndani, upande wa mikoko. Huko hakuna aliyetazama hata siku moja.

Tulimtafuta siku tisa mahali ambapo hakuwepo. Maua uliyarusha mahali ambapo hakuwepo. Hata maji niliyokutumia si yake.

Nimesimamisha safari. Nimekwenda kwa walinzi wa pwani nikawaeleza. Wameandika. Kijana aliyekuwa akiandika aliinua kichwa akauliza, "Mzee, nguva? Una hakika?" Nikasema andika. Mimi na Gensei tumeanza kutafuta kwenye mikoko, lakini vijito ni vingi, vinaingiliana, na boti inakwama. Sijui nianzie wapi.

Maezato Koei


Azumino
11 Agosti 2002

Nahodha Maezato,

Barua yako niliisoma, nikaichana, nikaiokota, nikaiunganisha kwa gundi ya wali. Kwa siku kumi nilikuwa nikikuandikia kichwani maneno ambayo mama yangu angenipiga kofi kwa kuyawaza tu. Chupa yako nimeimwaga shimoni.

Ningekuandikia maneno hayo, kama mikono yangu ingekuwa safi.

Mwaka jana, niliporudi kutoka kwenu baada ya siku kumi na moja, kwenye sanduku la barua kulikuwa na barua ya Shiori. Aliiposti siku tatu kabla hajapotea. Niliisoma mara moja, nikaifungia kwenye droo. Nilijiambia kwamba msako umekwisha, haina faida tena. Huo ulikuwa uongo. Niliogopa mtasema mwanangu aliwaacha wageni. Nilitaka afe akiwa mtu aliyefanya kazi yake.

Nakuambatanishia. Sina nakala, naomba uitunze.

Karasawa Fumie

*

Iriomote
6 Juni 2001

Mama,

Umeshaacha kulala na soksi? Huku nalala na feni usoni na bado najiona kama andazi kwenye mafuta. Mama Toyo anasema nimekonda, Mzee Maezato anasema nimeota magamba. Wote wawili ni waongo.

Sasa sikiliza siri, na usimwambie mtu, hasa Mzee. Nimemwona nguva. Nguva wa kweli, Mama, ambaye vitabu vinasema huku hayupo tena. Ana kovu jeupe begani. Anakula majani ya chini ya maji kwenye uwanda mdogo mbele ya kijito cha mikoko, kile chenye jiwe linalofanana na kiti cha kinyozi. Nikimwambia Mzee, atafurahi, atamwambia Gensei, Gensei ataambia kisiwa, na wiki ijayo kutakuwa na boti kumi. Acha awe wangu kidogo.

Nimeshakwenda kumwona mara tatu wakati wa kazi (usinikaripie). Ni rahisi. Wageni wakishaona taa hawajui hata majina yao. Maji yakijaa yananipeleka, yakianza kupwa yananirudisha, kama basi la kijijini, na kabla Mzee hajafika nane kwenye hesabu yake mimi nipo.

Jambo la ajabu ni kwamba mara ya mwisho alinifuata. Nilipogeuka kurudi alikuja nyuma yangu mpaka karibu na boti, akatokeza kichwa katikati ya wageni, akawatazama, na hakuna aliyemwona. Nilicheka mpaka nikanywa maji.

Nikija mwezi wa nane nitakuchorea.

Shiori


Iriomote, gatini
25 Agosti 2002

Mama Karasawa,

Barua hii nakupa mkononi, ukiondoka na Shiori kwenye sanduku lake. Naomba uisome ukishafika nyumbani. Mbele yako nimejaribu mara mbili nikashindwa, na kwenye simu pia nilisema nusu tu, kwamba tumempata. Lakini niliapa sitakuficha tena.

Jiwe lile nalijua. Wote tunalijua, tulichezea pale tukiwa watoto. Barua ya Shiori ilipofika, Gensei alisoma mstari ule, akatoka nje bila kuvaa kandambili. Tukaenda na mtumbwi wa kasia, maji yakiwa ya bamvua, yamejaa kupita kawaida. Kutoka gatini kwetu ni dakika ishirini. Dakika ishirini, Mama. Kutoka pale mtu anaona paa la nyumba yangu.

Polisi wamekwambia alikutwa kwenye mizizi ya mikoko. Ni kweli. Hawakukwambia kimo. Alikuwa juu ya mahali maji yanapofika yakijaa, ameegemea mti. Mfupa wa mguu wa kushoto ulikuwa umevunjika. Mapezi yake ya mpira hayakuwa miguuni, yalikuwa kando yake, yote mawili mahali pamoja. Daktari anasema kimbunga cha Septemba mwaka jana kilipandisha maji mengi, na ndicho kilichomnyanyua na kumweka pale. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye ripoti.

Mimi nilikuwa wa kwanza kumfikia. Siwezi kukwambia daktari amekosea, kwa sababu mimi si daktari, na nimeshawahi kuapa juu ya kitu nisichokijua. Nakwambia tu nilichokiona.

Helikopta zilikuwa zikipita juu ya kijito kile asubuhi na jioni, zikienda nje.

Kuna jambo moja zaidi. Tulipokuwa tukimfunga kwenye shuka, Gensei alinigusa bega. Kwenye kina cha maji yasiyozidi kiuno, hatua nne kutoka kwetu, yule nguva alikuwa ametokeza kichwa. Ana kovu begani, kama alivyoandika. Nilidhani tumemshtua. Lakini majani yote ya pale, mbele ya ule mti, yalikuwa yameliwa mpaka mchanga umebaki mweupe, duara zima, na kwingine kote yamesimama marefu. Sijui huchukua muda gani mnyama mmoja kula hivyo. Gensei anasema miezi mingi.

Maezato Koei


Azumino
3 Oktoba 2002

Nahodha Maezato,

Tumemzika. Sanduku lilikuwa jepesi kuliko nilivyotaka. Wanafunzi wenzake wanne wa zamani walikuja kutoka Matsumoto, na mmoja aliuliza bahari ya huko ikoje. Nikagundua kwamba naweza kumjibu.

Barua yako ya gatini niliifungua kwenye treni, sikungoja kufika. Niliisoma kati ya Nagoya na Shiojiri, na mama mmoja aliyekaa mbele yangu akanipa leso.

Unataka kujua kama nimekusamehe, ingawa hukuandika. Neno hilo nimelijaribu mdomoni na bado halikai. Nawe huna deni la kunisamehe kuhusu droo yangu. Tuliache lilivyo. Toyo ananiandikia kwamba hulali, kwamba unakwenda na mtumbwi kila siku kwenye kijito kile, unakaa mbele ya ule mti mpaka maji yakukimbie mtumbwi ukwame, na Gensei lazima aje kukuvuta. Anaogopa siku moja Gensei hatakuja.

Nimefikiri sana kuhusu ule mguu na yale mapezi. Nimefikiri usiku na mchana, nimehesabu siku tisa moja baada ya nyingine, nimemwona chini ya mti, yuko hai, akisikia zile helikopta. Nimefika mwisho wa kufikiri huko, na nakwambia hakuna kitu kule mwisho. Ni mti tu na maji.

Kwa hiyo nimeamua. Daktari amesoma, mimi sikusoma. Ni kimbunga. Shiori alikufa majini asubuhi ileile, haraka, akimtazama mnyama aliyempenda, na Septemba bahari ikamnyanyua ikamweka pakavu. Ndivyo nilivyomwambia kasisi, na ndivyo nitakavyomwambia yeyote atakayeniuliza mpaka nife.

Nawe kubali hivyo. Sikuombi kwa ajili yako. Nikijua kwamba wewe umekaa kule kila siku ukiamini lile lingine, basi nami nitakuwa naliamini, kwa sababu hatutakuwa mmoja bali wawili, na jambo wanalolijua wawili ni la kweli. Acha kwenda kule. Sema ni kimbunga. Mwambie Toyo kwa sauti, ukiwa umekaa mezani, kisha Toyo aniandikie kwamba umesema.

Nangoja barua yake.

Karasawa Fumie